Leseni ya Texas Inaisha Nikiwa Nairobi, Nifanyeje?

Swali: "Mimi ni Mkenya, mhasibu, nafanya kazi Dallas kwa H-1B, viza ya wafanyakazi wenye taaluma, na sasa namaliza mwaka wa tatu. Mwajiri aliniombea miaka mitatu zaidi na ombi limekubaliwa, lakini viza iliyo kwenye pasipoti imekwisha, ndiyo maana nimekuja nyumbani kwa wiki tano nigongewe mpya kwenye ubalozi wa Marekani kule Gigiri. Leseni yangu ya Texas inaisha wiki mbili kabla sijarudi. Nimejaribu kuihuisha mtandaoni nikiwa hapa South B, tovuti inanikatalia. Kaka yangu anasema nichukue leseni ya kimataifa hapa Nairobi, au nihuishe leseni yangu ya Kenya iliyoisha, niendeshe nayo nikifika. Binamu yangu aliye Dallas anasema ataniendea ofisini kwa niaba yangu. Mume wangu na mtoto wamebaki huko kwa H-4, viza ya familia ya mwenye H-1B. Leseni ya mume inaisha siku tofauti kabisa na yangu na hatujawahi kuelewa kwa nini. Pasipoti yangu imebakiza miezi minane, lakini hiyo nadhani haina shida. Nianzie wapi?"

Jibu: Dada, umeandika kwa mapana na umefanya vizuri, kwa sababu mambo mawili uliyoyaweka mwishoni kama nyongeza, pasipoti ya miezi minane na leseni ya mume wako, ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko hata hicho ulichokiuliza. Nitayafikia. Kwanza nikutulize moyo kuhusu leseni.

Huwezi kuihuisha ukiwa hapa. Tovuti haijaharibika, wala usiilaumu intaneti ya South B. Huduma ya mtandaoni ya Texas imewekewa raia wao. Mwenye viza kama wewe anatakiwa afike mwenyewe kwenye ofisi ya DPS, idara ya usalama wa umma inayotoa leseni huko, akiwa na karatasi zake mkononi. Atapigwa picha, atapimwa macho, hati zake zitakaguliwa moja moja. Binamu yako ana nia njema lakini atarudishwa mlangoni. Na akitokea mtu hapa mjini kukwambia ana njia yake ya kuifanya kwa ada kidogo, mpite.

Lakini leseni kuisha ukiwa nje si kosa. Kosa ni kuendesha nayo. Kadi ikiisha ikiwa ndani ya mkoba wako hapa Nairobi hakuna faini inayopanda kila siku, hakuna doa linaloingia kwenye faili lako la viza. Texas hukuhesabu kuwa mtu wa kuhuisha mpaka miaka miwili ipite tangu tarehe ya mwisho. Ikipita hiyo ndipo unaanza upya kama dereva mgeni, mtihani wa maandishi na wa barabarani. Wewe utakuwa umepitisha wiki mbili. Hata ubalozi ukikuchelewesha kwa uchunguzi wa ziada, jambo linalotokea, na wiki mbili zikawa miezi miwili, bado hutarudia mtihani.

Sasa tuje kwenye kiini. Hebu itoe hiyo kadi uiweke mezani. Juu pembeni kuna nyota ndani ya duara la rangi ya dhahabu. Tafuta na maneno LIMITED TERM. Jirani yako wa Dallas aliye raia hana maneno hayo. Yeye hupewa kadi ya miaka minane na kuisahau. Kisha isome tarehe ya mwisho kwa namna yao, mwezi ukitangulia siku. Wewe umeshazoea, lakini waeleze na walio nyumbani: nimewahi kukaa na familia moja ya mtaa wa Umoja iliyokuwa ikimpangia kijana wao safari kwa kuangalia picha ya kadi iliyoandikwa 05/11. Wote walisoma Novemba 5. Kadi ilikuwa inasema Mei 11, na Mei ilikuwa imeshapita.

Tarehe hiyo haikutoka kwenye viza yako. Ilitoka kwenye I-94, rekodi ya kuingia unayopewa na ofisa wa mpakani unapotua. Watu wengi, hata wenye shahada zao, huchanganya vitu hivi viwili. Viza ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi. I-94 ni kauli ya mwenye nyumba: karibu, kaa mpaka siku fulani. Viza yako inaweza kuwa imekwisha na bado uko Marekani kihalali kabisa kwa sababu I-94 ina miezi mbele. Na inaweza kuwa na miaka mbele ilhali I-94 imekwisha, na hapo umeshakuwa mtu aliyepitisha muda. Leseni hufuata I-94.

Kwa nini wakazifunga pamoja? Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ilibainika kwamba watekaji wa zile ndege walikuwa na leseni na vitambulisho vya majimbo. Mwaka 2005 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya REAL ID, ambayo pamoja na mengine inayataka majimbo, kwa kadi zenye ile nyota, yasimpe mgeni wa muda kadi inayovuka siku ya mwisho ya ruhusa yake ya kukaa. Asiye na tarehe maalum, kama wanafunzi wengi, hupewa isiyozidi mwaka mmoja. Utekelezaji ulisogezwa mbele mara nyingi hadi ulipoanza rasmi kwenye viwanja vya ndege Mei 7, 2025. Nakueleza haya ili ujue kwamba karani wa DPS anapokataa kukuongezea hata wiki moja, hana hiari. Kumbembeleza hakusaidii. Kinachosaidia ni kumpa I-94 yenye tarehe ndefu.

Ndiyo maana pasipoti yako inanisumbua.

Umesema mwajiri amekubaliwa miaka mitatu. Karatasi ya idhini uliyopewa, I-797, ina kipande chini chenye I-94 mpya ya miaka hiyo. Laiti ungeenda nacho DPS kabla hujasafiri, ungekuwa na leseni mpya mkononi leo. Lakini umetoka nchini, na ukirudi, ofisa wa uwanja wa ndege atakutolea I-94 nyingine, na hiyo ya mwisho ndiyo itakayohesabika. Atakapoitoa ataangalia tarehe ya idhini ya mwajiri, halafu ataangalia pasipoti. Pasipoti ikiisha mapema, mara nyingi huikata I-94 iishie siku pasipoti inapoishia. Miezi minane uliyobakiza, ukitoa wiki tano za hapa, inakuwa kama saba. Utapewa I-94 ya miezi saba. Utaipeleka DPS kwa furaha, nao watakupa leseni ya miezi saba. Na lililo zito kuliko leseni: ruhusa yako ya kukaa itakuwa imeisha siku hiyo, hata kama I-797 ya mwajiri inaonyesha miaka mitatu. Nimeona watu wakiishi kwa kuamini I-797 iliyo kwenye droo, wasijue kwamba ile ya mpakani imeshaifuta.

Kulirekebisha hilo baadaye kunawezekana lakini kuna gharama. Ama utoke nchini na kuingia tena ukiwa na pasipoti mpya, ama mwajiri apeleke ombi jingine la nyongeza kabla tarehe fupi haijafika. Njia rahisi ni kuihuisha pasipoti sasa, ukiwa mwendo wa matatu moja tu kutoka ofisi ya pasipoti ya Nyayo House.

Usianze kwa pupa, kwanza tazama tarehe ya mahojiano yako Gigiri. Kama bado iko mbele na pasipoti mpya inaweza kutoka kabla yake, hilo ndilo bora: viza igongwe kwenye kitabu kipya, na fomu ya kuombea viza, DS-160, iwe na namba mpya ya pasipoti. Kama mahojiano yamekaribia, usiyaache. Nenda na pasipoti uliyo nayo, ugongewe viza, kisha ukisharudishiwa ndipo uombe mpya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Viza iliyo kwenye pasipoti ya zamani haifi kwa sababu pasipoti imeisha. Utasafiri na vitabu vyote viwili, cha zamani chenye viza na kipya kisicho na kitu. Siku unapowasilisha ombi la pasipoti, mwambie ofisa kwa kauli iliyo wazi kwamba ndani mna viza hai na kwamba unakihitaji kitabu kile kirudi na ukurasa ule usiguswe. Sema, na usione haya kurudia. Ukifika kwenye dirisha la uwanja wa ndege kule, toa vyote viwili kwa pamoja, kipya kikiwa juu. Ofisa akikamata cha zamani peke yake ataandika tarehe ya cha zamani.

Kama ratiba haikubali kabisa, yaani viza imechelewa na kazi inakuita, mwandikie wakili wa kampuni kabla hujapanda ndege, umwambie pasipoti inaisha lini na kwamba unatarajia I-94 fupi. Hilo ni jambo analolifahamu vyema, na mwajiri ana sababu zake za kutaka usiharibikiwe. Ila kwa maoni yangu, ukiniuliza nichague kati ya kuchelewa kazini siku kumi na kurudi na pasipoti ya miezi saba, ningechelewa.

Sasa mume wako.

Umesema leseni yake inaisha siku tofauti na yako na hamjui kwa nini. Jibu la kawaida ni kwamba I-94 yake ni tofauti na yako. Labda aliingia baadaye, labda pasipoti yake ndiyo iliyokuwa inaisha mapema. Kila mtu katika familia ana I-94 yake, hata mtoto wa mwaka mmoja, na hakuna anayekumbushwa. Lakini hapa kuna shimo ambalo familia nyingi za Kikenya huingia bila kujua: ombi la nyongeza alilopeleka mwajiri wako lilikuwa lako peke yako. Halikumbeba mume wala mtoto. Aliye kwenye H-4 ndani ya Marekani huombewa nyongeza kwa fomu nyingine, I-539, na mtoto huorodheshwa pamoja na mzazi. Mawakili wengi huzipeleka pamoja, na huenda wako alifanya hivyo. Huenda hakufanya. Wapo waajiri wanaolipia ombi la mfanyakazi tu na kuiachia familia ijitegemee.

Kwa hiyo leo, usingoje wikendi, mpigie mume wako. Dallas iko nyuma yetu kwa saa nane au tisa kutegemea msimu, hivyo jioni ya hapa kule bado ni mchana. Mwambie aingie kwenye tovuti ya I-94 ya ofisi ya forodha na ulinzi wa mipaka, CBP, aweke jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti aliyoingilia, yake kisha ya mtoto, akutumie picha. Kama ana karatasi ya kukubaliwa nyongeza, au hata risiti ya ombi linalongojea, aitoe. Kama hana lolote na tarehe imekaribia au imepita, acheni habari ya leseni, mwone wakili siku hiyo hiyo. Kukaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 na kisha kutoka nchini kunamfungia mtu mlango wa kurudi kwa miaka 3. Kukizidi mwaka mmoja, ni miaka 10. Sikutishi, dada. Wengi wanaoniandikia hukuta kila kitu kiko sawa. Ila hao wachache ambao hawakukuta sawa, wote walianza na mshangao mdogo kama wenu: mbona leseni yake inaisha siku nyingine?

Kama ombi lake la I-539 bado linangojea na leseni yake imeisha, karatasi ya risiti hukubaliwa katika baadhi ya majimbo na katika mengine hukataliwa. Akaulize DPS akiwa na risiti mkononi, na mpaka apate jibu asiendeshe.

Kuhusu ushauri wa kaka yako. Leseni ya kimataifa, ile ambayo hapa kwetu hutolewa na AA Kenya, chama cha wenye magari, ni kijitabu cha tafsiri tu. Kinaeleza kwa lugha kadhaa kwamba una leseni ya nchi yako na ya aina gani ya gari. Hakina nguvu bila leseni yenyewe kando yake, na hakimpi mtu haki ambayo leseni yake haimpi. Wako wanaoziuza mtandaoni zenye muhuri na picha nzuri, za miaka mitatu hadi kumi. Hizo ni za utapeli, usizitazame mara mbili. Hata ya kweli kutoka AA haitakufaa Dallas, kwa sababu hiyo hiyo itakayokatalia leseni ya Kenya: wewe si mtalii, wala si mkazi mpya. Texas humpa aliyehamia siku 90 za kuendesha kwa leseni halali ya kwao wakati anatafuta ya Texas. Siku zako 90 ziliisha zamani, katika mwaka wako wa kwanza. Wewe ni mkazi mwenye leseni ya Texas iliyokwisha, na askari akiweka jina lako kwenye kompyuta ya gari lake, hilo ndilo atakaloliona, hata ukimwonyesha kadi ya NTSA, mamlaka inayotoa leseni za Kenya, iliyotoka jana. Halafu kuna bima. Ukigongana na mtu siku hiyo, kampuni ya bima itakapouliza leseni yako ilikuwa hai au la, usitake kuwa upande wa kujieleza.

Hata hivyo ihuishe ya Kenya, kwa sababu nyingine. Uko nyumbani, na kadi ya kisasa iliyoanza kutolewa mwaka 2017 inahitaji ufike mwenyewe upigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Haiwezekani kwa simu kutoka Dallas. Kama bado unacho kile kijitabu chekundu cha zamani, hiki ndicho kipindi cha kukistaafisha. Ombi huanzia eCitizen kwenye huduma za NTSA, malipo ni kwa paybill ile ile ya serikali, 222222, na usimlipe mtu mwingine yeyote kwa namba yake ya simu. Utakuwa na kitu halali cha kumwonyesha askari wa trafiki Mombasa Road leseni ya Texas ikishaisha, na ukitaka kuvuka Namanga siku moja na gari la nyumbani, unacho.

Nirudi kwenye leseni ya Texas, maana kuna kazi unayoweza kuifanya ukiwa hapa hapa. Ofisi za DPS huhudumia kwa miadi, na miadi huwekwa mtandaoni hata miezi kadhaa mbele. Ofisi za Dallas hujaa. Usingoje ufike ndipo utafute nafasi. Weka sasa siku iliyo kama wiki moja baada ya tarehe unayotarajia kutua, na ukichelewa uisogeze. Kama tovuti haifunguki kutoka Kenya, hapo ndipo binamu yako ana kazi: akae na wewe kwenye simu, akuwekee kwa taarifa zako. Nasema wiki moja kwa makusudi. Rekodi mpya ya kuingia huchukua siku chache kutulia kwenye mitambo yote, na aliyekimbilia ofisini kesho yake mara nyingine huambiwa haonekani.

Mtambo wenyewe huitwa SAVE. Karani akishaingiza namba zako, anaiuliza serikali kuu kupitia mtambo huo kama kweli una ruhusa ya kukaa na mpaka lini. Mara nyingi jibu huja hapo hapo. Lisipokuja, ombi lako hupelekwa kwa uhakiki wa mkono, na hapo ni siku, pengine wiki. Omba namba ya kufuatilia, kuna ukurasa wa SAVE unaoitwa CaseCheck ambapo mwombaji mwenyewe huona limefika wapi.

Na kinachowakwamisha Wakenya kwenye SAVE, kwa niliyoyaona, ni majina. Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha, tazama chini kabisa ile mistari miwili ya herufi kubwa iliyojaa alama za <<<. Hiyo ndiyo mashine inayoisoma. Mstari huo hauna nafasi ya king'ong'o. Mtu anayeitwa Ng'ang'a, juu ya ukurasa ni Ng'ang'a, chini ni NGANGA. Ofisa wa mpakani humwandika Nganga. Kisha karani mmoja mwenye bidii, akiangalia sehemu ya juu, anaandika NG ANG A kama majina matatu, na mtambo unasema mtu huyo hajulikani. Ongeza hapo desturi yetu ya majina matatu, ambapo jina la kati mara linaingia, mara linaachwa, na akina dada walioongeza jina la mume kwenye kitambulisho lakini si kwenye pasipoti. Ikiwa pasipoti mpya itatoka na jina tofauti hata kwa herufi moja na ile ya zamani, leseni, kadi ya Social Security yenye namba yako ya hifadhi ya jamii, na I-797 zote zitakuwa za mtu mwingine machoni pa mtambo. Kwa hiyo unapojaza fomu ya pasipoti hapa, andika jina kama lilivyo kwenye ile ya zamani, usilipambe, usilirekebishe kwa sasa.

Siku ya pili baada ya kutua, kabla hata hujamaliza usingizi wa safari, fungua I-94 yako. Soma jina, aina ya viza iwe H-1B na si nyingine, na tarehe. Kosa likiwepo, ofisi za CBP zinazoitwa Deferred Inspection hulisahihisha, na ni rahisi zaidi likiwa bichi. Uichapishe. Beba na pasipoti zote mbili, I-797, leseni iliyoisha, kadi ya Social Security, na hati mbili zenye jina lako na anwani ya Dallas: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, taarifa ya benki. Nyumba nyingi bili zote ziko kwa jina la mume. Kama ndivyo kwenu, mwambie aongeze jina lako kwenye mojawapo sasa, ili ukifika iwe imeshachapishwa bili yenye jina hilo.

Mbele ya karani, mwekee I-94 juu ya kila kitu. Nina sababu. Nilipokuwa nikiishi kule mimi mwenyewe, karani wa ofisi moja ya leseni alifungua pasipoti yangu, akakuta viza ambayo ilikuwa imebakiza miezi minne, akaandika tarehe hiyo. I-94 yangu ilikuwa na zaidi ya miaka miwili na ilikuwa chini ya rundo, sikuitoa kwa sababu hakuniuliza. Niliigundua kadi ilipoletwa na posta, nikiwa jikoni na bahasha mkononi. Nilirudi, nikamwomba msimamizi kwa upole, nikamwonyesha I-94 na kumweleza kwamba viza ni ya kuingilia tu. Alikubali, lakini ilinigharimu siku mbili za kazi na foleni mbili. Kabla hujaondoka dirishani utapewa karatasi ya muda ya kuendeshea wakati kadi inachapishwa. Isome tarehe palepale ukiwa umesimama.

Kati ya kutua na siku hiyo ya miadi, usishike usukani, hata kutoka uwanja wa ndege, hata kumpeleka mtoto shule mtaa wa pili. Mume akuendeshe kama leseni yake ingali hai, vinginevyo binamu, au teksi za kwenye simu. Ukiwa na ndege ya ndani ya kuunganisha, pasipoti yako inatosha kwa ukaguzi, huhitaji leseni wala ile nyota.

Zungumza na mume wako jioni hii. Akikutumia picha za I-94, yake na ya mtoto, niandikie hizo tarehe mbili pamoja na tarehe ya mahojiano yako Gigiri, nizitazame kabla hujafungua ombi la pasipoti, kwa maana huenda na yeye anahitaji pasipoti mpya na ni vizuri tujue mapema.